Kompyuta Mpya Nyumbani: Mwongozo Kamili wa Ulinzi, Kuanzia Dukani Mjini Hadi Mezani Kwako

Dada yangu mdogo alinunua laptopu yake ya kwanza katikati ya jiji, kwenye mojawapo ya yale maduka ya ghorofani ambako unapanda ngazi nyembamba na kukuta meza imejaa mashine, zote zimewashwa. Jumapili iliyofuata akaileta kwangu Umoja, hapa Nairobi, bado iko ndani ya begi aliloongezewa na muuzaji. "Kaka, wameniwekea kila kitu," akaniambia kwa furaha. "Windows, Office, antivirusi, na sijalipa hata shilingi ya ziada."

Nikafungua Windows Security, programu ya ulinzi inayokuja ndani ya Windows yenyewe. Alama za kijani kila mahali. Mtu yeyote angeridhika. Lakini kuna ukurasa mmoja ambao siuruki kamwe, ule wa vitu ambavyo programu imeambiwa isivikague; kwenye kioo umeandikwa "Exclusions". Ndani yake nilikuta mstari mmoja wenye alama tatu tu: C:\

C ni diski nzima. Fundi wa duka alipotaka kuweka kifaa cha kuvunja leseni (programu inayoifanya Windows isiyolipiwa ionekane halali), antivirusi ilimzuia, naye akaiamuru ifumbie macho kila kitu kilichomo, kisha akaiacha hivyo. Kwa wiki tatu dada yangu alikuwa akiingia iTax ya kodi, eCitizen ya huduma za serikali na benki yake huku mlinzi wa getini amefungwa kitambaa machoni.

Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na swali ambalo watu huniuliza kwanza, yaani "ninunue antivirusi gani?" Swali hilo nitalijibu, na jibu lake ni fupi kuliko wengi wanavyodhani. Kabla yake kuna swali zito zaidi: nani ameshaigusa mashine hii kabla yako, na aliacha nini ndani?

Hatua ya 1: Kagua ukiwa bado dukani

Nairobi tuna njia mbili za kupata kompyuta ya nyumbani. Kuna ile mpya ndani ya boksi lililofungwa na kiwanda, na kuna ile ya Ex-UK, iliyotumika ofisini ng'ambo kwa miaka kadhaa kabla ya kufika Luthuli au Moi Avenue. Sina neno baya dhidi ya Ex-UK. Mimi mwenyewe naandika haya kwenye moja. Ila inahitaji macho zaidi.

Anza na umri wa prosesa, kwa kuwa usalama unategemea hilo moja kwa moja. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kuna mpango wa kuongezewa masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026 kwa wanaojiandikisha, lakini hakuna haja ya kununua leo kitu ambacho muda wake ulishapita. Unataka mashine inayokubalika rasmi kwa Windows 11, na kwa prosesa za Intel hiyo ni kuanzia kizazi cha 8. Soma nambari iliyo baada ya kistari: i5-8250U ni kizazi cha 8, i5-7200U ni cha 7. Tarakimu hiyo moja ndiyo tofauti kati ya mashine itakayoendelea kupata masasisho na ile itakayobaki bila kinga. Muuzaji akikwambia "hii ya saba pia inaingia Windows 11", anasema kweli nusu: inaweza kulazimishwa, lakini Microsoft haikuhakikishii masasisho.

Kisha shika kitufe cha Windows pamoja na R, andika slmgr /xpr na ubonyeze Enter. Usisahau nafasi kabla ya mkwaju (/). Kidirisha kidogo kitajitokeza. Kikisema Windows imesajiliwa kwa kudumu, vizuri. Kikitaja tarehe ya kuisha, basi mashine imesajiliwa kwa mtindo wa KMS, ambao ni wa makampuni makubwa na hudumu siku 180 kwa wakati mmoja. Kwenye laptopu ya mtu binafsi, tarehe hiyo maana yake ni moja: kuna programu ya kuvunja leseni ndani, na huwa imejificha ikijihuisha yenyewe. Jibu la "kudumu" halikuondolei shaka zote, lakini hilo la tarehe halina mjadala.

Jambo la mwisho la dukani halijulikani na wengi. Mashine iliyotoka kampuni kubwa inaweza kuwa bado imeandikishwa kwenye mfumo wa kampuni hiyo. Leo inafanya kazi sawasawa. Siku utakapoifuta uanze upya, itakukaribisha kwa jina la kampuni ya mbali na kudai barua pepe ya mfanyakazi wake. Vilevile kuna zile zenye nenosiri la BIOS, programu ya msingi inayoiamsha mashine kabla ya Windows, ambalo hata muuzaji halijui. Kwa hiyo mwombe muuzaji aifute na kuianzisha upya ukiwa umekaa hapo, hadi ifike pale inapouliza jina lako. Akikataa, kuna duka jingine ghorofa inayofuata. Dai pia risiti rasmi yenye nambari ya mashine, si kikaratasi cha mkono.

Hatua ya 2: Safisha, uanze upya

Kama mashine imetoka ndani ya boksi na wewe ndiye wa kwanza kuiwasha, ruka hatua hii, ila uondoe antivirusi ya majaribio iliyopachikwa na kiwanda. Hizo hufanya kazi siku 30 hivi, kisha huanza kukusumbua kila asubuhi zikitaka pesa. Ukiiondoa, Windows Security hujiwasha yenyewe. Usiweke mbili pamoja. Hugombania kila faili na mashine inakuwa nzito kama mkokoteni wa maji.

Kama fundi ameigusa, futa kila kitu. Najua inauma, hasa akiwa amekuwekea Office na picha nzuri za mandharinyuma. Lakini huwezi kuhesabu kilichoachwa ndani, na kujaribu kuking'oa kimoja kimoja ni kazi ya wiki nzima isiyo na uhakika.

Njia bora ni kutumia flashi ya GB 8 au zaidi. Nenda kwenye kompyuta unayoiamini, fungua tovuti ya Microsoft, pakua kifaa chao cha kutengenezea flashi ya Windows 11, na uache kijaze flashi hiyo. Fanya hivyo mahali penye Wi-Fi, ofisini au kwa rafiki, kwani ni GB kadhaa na zitamaliza bando ya wiki. Washa laptopu yako kwa flashi hiyo (mara nyingi ni kubonyeza F12, F9 au Esc inapoanza kuwaka), futa sehemu zote za diski unazoonyeshwa, kisha uisakinishe upya. Ukiwa na picha au kazi ndani, zihamishe kwanza. Hapa hakuna kurudi nyuma.

Watu huogopa: leseni itapotea. Kwa mashine nyingi zilizotoka kiwandani na Windows 8 au mpya zaidi, leseni imeandikwa kwenye bodi kuu yenyewe. Ya dada yangu ilijisajili mara tu ilipounganishwa na intaneti. Yaani kile kifaa cha fundi, kilichogharimu usalama wote wa mashine, hakikuhitajika hata kidogo. Leseni halali ilikuwa imelala humo ndani tangu siku ya kwanza.

Office ndiyo inayowarudisha watu kwenye programu zilizovunjwa. Usirudi huko. LibreOffice ni ya bure kabisa na hufungua faili za Word na Excel. Word ya kwenye kivinjari ni bure ukiwa na akaunti ya Microsoft. Mwanafunzi aulize chuoni kwake, kwani baadhi ya vyuo huwapa wanafunzi Microsoft 365 bila malipo kwa barua pepe ya chuo. Programu yoyote inayokuambia "zima antivirusi kwanza ndipo uniweke" imekueleza yenyewe ni ya aina gani.

Hatua ya 3: Masasisho kabla ya jambo lolote

Fungua Windows Update, bonyeza kitufe cha kutafuta masasisho, acha yaingie, washa upya, rudia. Mara tatu au nne, mpaka iseme hakuna kilichobaki. Usiingie benki kabla ya hapo.

Nalisisitiza hili kwa sababu ya kilichotokea Mei 2017. Programu hasidi iliyoitwa WannaCry ilifunga mafaili ya kompyuta katika nchi zaidi ya 150, ikiwemo mitambo ya hospitali za umma Uingereza, na kudai fidia. Tundu ililopitia lilikuwa limeshazibwa na Microsoft mwezi Machi mwaka huohuo. Walioumia wengi ni wale ambao miezi miwili baadaye walikuwa bado hawajabonyeza kitufe.

Hapa kwetu kikwazo kikubwa ni bando. Watu huiambia Windows kwamba mtandao wao unalipiwa kwa kipimo, ili isile data, nayo huahirisha masasisho mengi. Ukitumia simu kama kituo cha intaneti, ni sawa kuiwekea kipimo, lakini basi chagua siku moja ya wiki ya kuondoa kizuizi hicho. Mimi hufanya hivyo Jumapili usiku.

Usisahau programu nyingine. Kivinjari hujisasisha chenyewe ukikifunga na kukifungua. Kwa zilizobaki, fungua Terminal, dirisha la kuandikia amri, andika winget upgrade --all, nayo itazipitia zile inazozitambua.

Hatua ya 4: Sasa, antivirusi gani?

Kwa nyumba nyingi Nairobi, jibu langu ni ile uliyo nayo tayari, Microsoft Defender, inayofanya kazi ndani ya Windows Security. Ni ya bure, haikatizi kazi yako kwa matangazo, husasishwa pamoja na Windows, na kwa miaka kadhaa imekuwa ikipata alama za juu kwenye majaribio ya AV-TEST, maabara ya Ujerumani inayopima programu hizi. Miaka kumi na tano iliyopita nisingesema hivi. Mambo yamebadilika.

Ila ipange vizuri. Ingia sehemu ya virusi na vitisho, fungua mipangilio yake, uhakikishe ulinzi wa wakati wote, ulinzi wa wingu na "Tamper Protection" vyote vimewashwa. Hicho cha mwisho huzuia programu nyingine isiizime antivirusi kisirisiri. Teremka hadi "Exclusions" na uhakikishe pako patupu. Kisha nenda sehemu ya udhibiti wa programu na kivinjari, uwashe kizuizi cha programu zisizotakikana. Mwisho, tafuta "Controlled folder access". Huwa imezimwa. Ukiiwasha, programu isiyojulikana haiwezi kubadilisha faili zilizo kwenye folda zako za nyaraka na picha, na hiyo ndiyo kinga dhidi ya wale wanaofunga mafaili ili walipwe. Siku za mwanzo itazuia hata programu nzuri moja mbili; iruhusu kila moja kwa jina lake.

Unataka kuona kama kweli inafanya kazi? Taasisi ya Ulaya iitwayo EICAR ina faili ya majaribio ya herufi 68, isiyo na madhara yoyote, ambayo kila antivirusi imekubali kuishika kana kwamba ni kirusi. Ipakue kutoka tovuti yao. Ikiwa haijakamatwa ndani ya sekunde chache, kuna mtu ameifumba macho. Kwenye laptopu ya dada yangu, kabla ya kuisafisha, niliipakua na ikatulia kwenye diski bila hata onyo. Nilimwonyesha, akanyamaza. Baada ya kusafisha nikairudia: ilitoweka kabla sijaibonyeza.

Kuna wanaofanya vyema kulipia. Mwenye kompyuta tatu nne nyumbani na simu za watoto anaweza kutaka kuzisimamia zote mahali pamoja. Anayeshika taarifa za wateja, mhasibu au wakili anayefanyia kazi nyumbani, anahitaji mtu wa kumpigia simu mambo yakiharibika, na ana wajibu chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Hao waangalie Bitdefender ya Romania au ESET ya Slovakia. ESET naipenda kwenye mashine zenye kumbukumbu ndogo. Linganisha matokeo mapya ya AV-TEST na ya AV-Comparatives, maabara ya Austria, badala ya kusikiliza muuzaji anayepata kamisheni.

Angalia bei ya mwaka wa pili. Mwaka wa kwanza huwa nusu bei, kisha kadi yako hukatwa bei kamili bila kuulizwa. Zima malipo ya kujirudia siku ileile unaponunua. Ukinunua boksi mjini, kagua kwamba karatasi ya kukwaruza haijaguswa, na ukatae "ufunguo" unaotumiwa kwa WhatsApp, kwa sababu huo umeuzwa kwa watu wengi na utafungiwa.

Usidhani ya bure ya kampuni nyingine haina gharama. Februari 2024, Tume ya Biashara ya Marekani ilitangaza kuitoza Avast dola milioni 16.5 kwa kuuza taarifa za tovuti walizotembelea watumiaji wake. Mwaka huohuo serikali ya Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa Kaspersky nchini mwake kwa hoja ya usalama wa taifa. Hapa Kenya marufuku hiyo haituhusu kisheria, na Kaspersky bado ipo madukani. Uamuzi ni wako, lakini uamue ukijua.

VPN (huduma ya kuficha mawasiliano yako ya intaneti) inayouzwa pamoja na kifurushi haikufanyi uwe salama dhidi ya virusi. Usilipie kwa sababu hiyo.

Hatua ya 5: Akaunti mbili

Akaunti ya kwanza unayoiunda ina mamlaka yote juu ya mashine. Iache iwe ya kusimamia tu. Unda ya pili ya kawaida kwa matumizi ya kila siku, na nyingine kwa watoto. Kitu kikitaka kujisakinisha, kitalazimika kuomba nenosiri la ile ya kwanza, na hiyo sekunde ya kusita imeokoa nyumba nyingi.

Washa pia usimbaji wa diski, yaani kuifunga data yote kwa ufunguo, ili mwizi wa begi kwenye matatu apate chuma tu bila siri zako. Kwenye Windows 11 mara nyingi huwa umewashwa ukiingia kwa akaunti ya Microsoft. Hakikisha ufunguo wake wa tarakimu 48 umeuandika kwenye karatasi na kuuweka na vyeti vyako vya shule. Nimewahi kukaa na mama mmoja ambaye kompyuta yake ilidai ufunguo huo baada ya fundi kubadilisha kitu kwenye BIOS. Hakuwa nao, na picha za mwanawe za miaka sita zilibaki mle ndani hadi leo.

Hatua ya 6: Barua pepe yako ndiyo mlango mkuu

Hapa ndipo ningependa ukae muda mrefu kuliko kwenye antivirusi. Fikiria barua pepe moja unayotumia. Ukisahau nenosiri la iTax, linatumwa huko. eCitizen, huko. Benki, kazi, Facebook, vyote huko. Aliye na barua pepe yako hahitaji kirusi chochote; anabonyeza "nimesahau nenosiri" na kungoja.

Iwekee nenosiri ambalo halipo popote pengine. Urefu unashinda ugumu. Chukua maneno manne au matano yasiyohusiana, uyaokote kwa bahati, kwa mfano kwa kufungua kamusi ukurasa wowote: sufuria-mnara-embe-kobe-jumanne. Usitumie methali wala mstari wa wimbo wa dini. Wadukuzi nao wana orodha za hayo. Na usitumie mfano huu niliouandika.

Kwa akaunti zilizobaki, acha kuzikumbuka. Tumia programu ya kuhifadhi manenosiri. Bitwarden ina toleo la bure linalofanya kazi kwenye simu na kompyuta. KeePassXC huweka kila kitu ndani ya faili moja kwenye mashine yako bila intaneti. Unakumbuka nenosiri moja refu, yenyewe inabuni na kukumbuka mengine. Ina faida nyingine ambayo watu hawaitaji: ukifika kwenye tovuti bandia inayofanana na ya benki yako, haitajaza chochote, kwa sababu inatambua anwani na haihadaiwi na rangi.

Kisha washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye barua pepe, kwa programu ya simu inayotoa nambari mpya kila sekunde 30. Ujumbe mfupi wa simu ni bora kuliko kutokuwa na kitu, lakini hapa kwetu tunajua jinsi laini inavyobadilishwa: mtu anapata nakala ya kitambulisho chako, anasajili laini yako upya, na ujumbe wote unaanza kumfikia yeye. Ukiona simu yako imepoteza mtandao ghafla na za jirani zinafanya kazi, usingoje kesho. Na nambari ya siri iliyotumwa kwako haisomwi kwa mtu yeyote kwenye simu, hata akijitambulisha vipi. Hakuna mfanyakazi halali anayeihitaji.

Ingia haveibeenpwned.com, uandike barua pepe yako. Tovuti hiyo ilianzishwa mwaka 2013 na Troy Hunt wa Australia, na hukuonyesha ni uvujaji gani wa data uliokupitia. Mimi nilijikuta kwenye kadhaa. Jioni hiyo nilibadilisha manenosiri hadi saa saba usiku.

Hatua ya 7: Flashi na saiba

Kila mwezi wa Juni, kabla ya tarehe 30, foleni za saiba hufika nje kwa ajili ya kuwasilisha ripoti za kodi kwa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya. Na kila Julai napokea flashi zenye ugonjwa uleule: faili zote zimegeuka njia za mkato zenye mshale mdogo, na ukibonyeza moja, kirusi kinahamia kwako.

Faili zako hazijapotea, zimefichwa. Kama flashi imetokea kama E, usibonyeze chochote ndani yake. Ikague kwanza kwa Defender, kisha fungua Command Prompt, andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na ubonyeze Enter. Zitarudi. Futa njia za mkato, nakili faili zako, halafu ifomati flashi.

Bora zaidi, usipeleke flashi saiba. Nina barua pepe ya pili, isiyo na siri yoyote, ninayotumia kuwatumia vitu vya kuchapisha. Kama lazima uingie akaunti yako ya kweli hapo, toka kabisa unapomaliza na ubadilishe nenosiri ukifika nyumbani.

Ukiwa kwenye mashine yako, fungua File Explorer na uiambie ionyeshe viambishi vya majina ya faili. Bila hivyo, kitu kinachoitwa risiti.pdf.exe kitaonekana kama risiti.pdf.

Hatua ya 8: Kivinjari

Jirani yangu wa ghorofa ya tatu, mzee mstaafu, alinigongea mlango saa tatu usiku. "Kijana wangu, njoo uone. Kompyuta inasema ina virusi vitano na inataka nilipe." Nikamwambia, "Usibonyeze kitu, Mzee, nakuja." Kwenye pembe ya kulia ya kioo, vidirisha vyekundu vilikuwa vinapanda kimoja juu ya kingine, vyenye nembo ya antivirusi ambayo hajawahi kuwa nayo.

Mashine ilikuwa nzima. Alikuwa ametembelea tovuti ya kutazama mpira bure, ikamwambia bonyeza "Allow" kuthibitisha wewe si roboti, akabonyeza. Kumbe aliiruhusu tovuti hiyo imtumie arifa saa ishirini na nne. Dawa yake ni dakika moja: mipangilio ya kivinjari, sehemu ya arifa, ondoa kila tovuti usiyoijua, kisha zizuie zote zisiombe tena.

Weka kizuia matangazo: uBlock Origin kwenye Firefox, au uBlock Origin Lite kwenye Chrome. Vitufe vingi bandia vya "pakua hapa" ni matangazo, na vikitoweka kinabaki kimoja cha kweli.

Hatua ya 9: Ruta

Badilisha nenosiri la kusimamia ruta, si la Wi-Fi pekee. Mengi bado ni yale ya kiwandani yaliyobandikwa chini yake. Kwenye usalama wa Wi-Fi chagua WPA2 au WPA3, uzime WPS, ile njia ya kuunganisha vifaa kwa kitufe au PIN bila nenosiri. Kwenye ploti ambako majirani wanne wanachangia Wi-Fi moja, wape mtandao wa wageni. Ukiwa na watoto, weka DNS (huduma inayotafuta anwani za tovuti) ya kampuni ya Cloudflare, 1.1.1.3, ndani ya ruta. Huzuia tovuti hasidi na za watu wazima kwa kila kifaa cha nyumba.

Hatua ya 10: Nakala

Weka nakala tatu za kila kitu usichoweza kukipata tena, kwenye vyombo viwili tofauti, moja ikiwa nje ya nyumba. Diski ya nje inatosha kuwa ya pili, mradi uichomoe ukimaliza kunakili. Ikibaki imechomekwa, kinachofunga mafaili ya kompyuta kitaifunga nayo, na stima ikirudi kwa kishindo inaweza kuichoma. Ya tatu iwe mtandaoni. Google hutoa GB 15 bure, OneDrive GB 5. Hazitoshi picha zote, lakini zinatosha vyeti, hati ya ardhi, fomu ya kodi ya mshahara (P9) na kazi zako. Mara moja kila miezi michache, jaribu kurejesha faili moja.

Ikishaingia

Ukiona mafaili hayafunguki, kipanya kinatembea chenyewe, au marafiki wanapokea barua usizoandika, zima Wi-Fi kwanza. Chukua simu yako, ubadilishe nenosiri la barua pepe kupitia simu, si kupitia mashine iliyoambukizwa, na uviondoe kwenye akaunti hiyo vifaa vyote vilivyoingia. Pigia benki kwa nambari iliyo nyuma ya kadi.

Kisha endesha ukaguzi wa Defender wa nje ya mtandao. Mashine hujizima na kukagua kabla Windows haijaamka, kwa dakika 15 hivi, hivyo kirusi hakipati nafasi ya kujificha. Ikitoka safi na bado una shaka, rudi hatua ya 2 na ufute yote. Kama ulifanya hatua ya 10, utapoteza nusu siku tu.

Pesa ikiwa imechukuliwa, piga picha za ujumbe wote kabla hujafuta kitu, nenda kituo cha polisi upate nambari ya OB, yaani ya ripoti yako kwenye kitabu cha matukio, kwani hilo ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018. Ripoti pia kwa KE-CIRT, kituo cha kitaifa cha kushughulikia mashambulizi ya mtandaoni kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, kupitia tovuti yao. Usilipe fidia kwa aliyefunga mafaili yako kabla ya kuuliza mtu anayejua, kwa sababu baadhi ya aina hizo zina funguo za bure kwenye tovuti ya No More Ransom, inayoendeshwa kwa ushirikiano wa Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, na polisi wa Uholanzi. Pakia hapo faili zilizofungwa pamoja na ujumbe wa kudai pesa, nayo itakwambia kama ufunguo wake upo.